Safari ya Kumtoa Mama Pembeni ya Bomu

Wapendwa wa kwaya, haya mmeyataka wenyewe. Jumapili ile niliyorudi kanisani Fairfield mlinizunguka kwenye meza ya chai, kila mmoja na swali lake, na mimi nina mdomo mmoja tu. Nikasema nitawaandikia. Mkacheka, eti Noela hawezi kukaa kitako dakika kumi. Haya, nimekaa. Someni.

Kwa wale wageni kwenye kwaya: mama yangu anaishi Marekani, jimbo la North Carolina, na mdogo wangu Etienne. Tulikimbia Baraka kule Kongo pamoja, tukala ugali wa kambi ya Nyarugusu pamoja, halafu mimi na mume wangu tukaletwa Sydney, wao wakapelekwa kule. Miaka kumi na moja nimemwona Mama kwenye simu tu, tena nusu ya uso, maana hajawahi kujua kamera iko wapi.

Mwezi wa sita Etienne akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Akianza na "Yaya", ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, najua kuna jambo. Akasema nyumba waliyopanga shambani kule inatazamana na konde ambalo chini yake kuna bomu la nyuklia. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Bomu la nyuklia. Zaidi ya miaka sitini iliyopita ndege ya jeshi ilikatika angani ikiwa na mabomu mawili. Moja likaokotwa. La pili likazama kwenye matope. Wakachimba, wakatoa walichoweza, maji yakawazidi, wakafukia shimo na kipande kikabaki huko chini. Mpaka leo kipo.

"Nimepata nyumba mjini Raleigh," akasema. "Mwisho wa mwezi wa saba tunahama. Wifi yako Jeanine amekubali, na mtoto ndiyo kwanza ana miezi minane, sitaki akulie hapa. Lakini Mama hataki. Anasema tumwache hapa peke yake, na hasemi kwa nini. Yaya, wewe ndiye kifungua mimba. Wewe anakusikia. Njoo."

Mama ana miaka sabini na tatu. Kiingereza chake ni "tenk yu" na "no". Nikamwona peke yake katika nyumba ile, bomu ng'ambo ya barabara, mwanawe yuko mbali, nikakosa usingizi wiki nzima. Kazini wazee ninaowatunza wakaniuliza nani amekufa.

Macquarie Fields hadi uwanja wa ndege

Niliondoka Jumamosi asubuhi, na sote tunaokaa upande huu tunajua Jumamosi kuna nini: reli inatengenezwa, treni hakuna. Napita kituo kile kila siku na bado nilijisahau. Baba Sifa alinishusha na masanduku mawili akakimbilia ghalani, shifti ilikuwa inaanza. Binti yetu Sifa, miaka saba, akatoa kichwa dirishani akaniuliza kwa Kiingereza kama bibi yake anang'aa gizani. Nikamwambia akae vizuri afunge mkanda.

Geti la kituo limefungwa. Mtu wa koti la njano akanionyesha basi la badala ya treni. Dereva alikuwa Mpunjabi mpole, mwenye kilemba safi, na ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye njia ile. Tulipofika Revesby akakata kulia palipotakiwa kushoto, tukajikuta kwenye mtaa wa nyumba usio na pa kutokea. Wee! Basi zima likawa dereva. Bibi mmoja wa Kilebanoni akasimama mbele akawa anaelekeza kwa mikono miwili. Mzee wa Kivietnamu akashuka kusimamisha magari. Tulirudi nyuma kidogo kidogo, watu wametoka barazani na vikombe vyao wanatutazama.

Yule bibi aliporudi kukaa akaniona nimeshika moyo. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema naenda kumwona mama yangu, miaka kumi na moja. Akachomoa chungwa dogo mfukoni, akalimenya, akanipa kipande kimoja kimoja mpaka likaisha, kama vile mimi ndiye mtoto. Tuliposhuka alibeba sanduku langu la pili mpaka mlangoni, yule bibi mwenye magoti mabovu. Jina lake sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilifika wakati wanataka kufunga kaunta ya ndege, wakanipitisha.

Los Angeles, na kosa langu

Kwenye ndege niliandika hoja nne kwenye karatasi. Ya kwanza, maji. Ya pili, upweke. Ya tatu, mjukuu. Ya nne nikaandika "mimi naogopa", kisha nikaifuta, kisha nikaiandika tena. Chakula kilikuwa kuku na kitu cha kijani, sikukitambua, nikala.

Sasa hapa mtanicheka. Pale Los Angeles afisa akaniuliza swali jepesi kabisa: umekuja kufanya nini Marekani? Mwingine angesema nimekuja kumsalimia mama, akapita. Lakini sisi tuliokaa kambini tulihojiwa miaka. Tulijifunza kwamba mbele ya afisa unaeleza yote, tangu mwanzo, kwa mpangilio, na huruki kitu, maana ukiruka kitu faili lako linarudi chini ya mafaili yote. Mwili wangu wenyewe ulianza kabla sijafikiri. Nikaanzia Baraka. Nikaja Nyarugusu. Afisa anagonga vidole mezani, mimi naendelea. Nikafika kwa Etienne na kiwanda cha kuku anachofanyia kazi. Nikasema: na sasa nimekuja kumtoa mama yangu pembeni ya bomu.

Vidole vikasimama.

Jamani, neno hilo msilitamke kwenye uwanja wa ndege. Nilipelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Bomu gani? La nyuklia. Liko wapi? Chini ya shamba. Nani amekwambia? Mdogo wangu. Yeye amejuaje? Jirani amemwambia. Kila nilivyojibu kweli ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Wakafungua sanduku langu la pili. Lilikuwa na dagaa, pakiti sita nilizonunua Granville kwa ajili ya Mama, na moja ilikuwa imepasuka njiani. Chumba kizima kikanuka Kigoma. Afisa mmoja akatoka nje, hakurudi.

Akaja mama mmoja mkubwa wao, miwani inaning'inia kifuani. Akaniuliza jina la kijiji. Nikamwandikia. Akakaa kwenye kompyuta akasoma kimya. Akaita wenzake wawili, vichwa vitatu vikainama pamoja, na nikaona nyuso zao zinabadilika kama yangu ilivyobadilika siku ile ya ujumbe wa Etienne.

"Nimefanya kazi ya serikali maisha yangu yote," akasema. "Hili sikulijua."

Sasa wao ndio wakawa wananiuliza mimi maswali. Wako watu wangapi pale? Wanalima? Yule mama akauliza, "Maji ya kunywa ya mama yako ni ya bomba au ya kisima?" Nikamwambia ni ya kisima. Akavua miwani, akanitazama. Alinifungia dagaa wangu kwa mikono yake mwenyewe, katika mifuko mitatu, akaniletea chai ya rangi isiyo na sukari. Nimekunywa chai nyingi mbaya maishani, lakini ile nilishukuru. Aliniomba radhi. Ndege yangu ya Raleigh ilikuwa imeshaondoka.

Los Angeles hadi Raleigh

Nikapewa ndege ya kesho yake. Nililala kwenye benchi, mkono juu ya dagaa. Asubuhi mama mmoja mfagiaji, Mmeksiko wa umri wangu, akasimamisha mkokoteni wake mbele yangu. Kiingereza chake na changu vilikuwa havielewani hata kidogo. Akanionyesha tumbo, akauliza kwa macho. Nikatikisa kichwa, eti sina njaa, unajua tena adabu zetu, huwezi kukubali mara ya kwanza. Akaondoka! Nikabaki mdomo wazi. Kwetu mtu hukubembeleza angalau mara mbili.

Alirudi baada ya dakika kumi na kitu cha moto kimefungwa kwenye maganda ya mahindi. Nilipokishika tu mikono ikajua yenyewe: hiki kinafunguliwa kama kwanga, ule mkate wa muhogo wa kwetu. Nikafungua jani kwa jani, ndani unga wa mahindi na nyama. Hivi unga unatupenda sisi maskini kila mahali! Nikala mpaka nikalamba jani, naye akacheka akiegemea ufagio. Akanionyesha picha ya mama yake kwenye simu. Nami nikamwonyesha wangu, ile nusu ya uso. Alilia kidogo, nami nikalia kidogo, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Raleigh hadi kwa Mama

Etienne ana mvi. Nilimwacha kijana mwembamba, nikakuta mbaba mwenye tumbo ananiita "Yaya" kwa sauti ileile. Tulikumbatiana mpaka watu wakatupita na vigari vyao.

Kwenye gari nikaona galoni nane za maji ya dukani. "Tunakunywa haya," akasema. "Mama anakunywa ya kisima. Nikimpa ya galoni ananawia miguu." Njiani akanieleza mengine. Miaka mitatu walikaa pale bila kujua. Kibao kipo barabarani, kinaeleza habari ya ndege na mabomu, nao wamekipita kila siku, kila mtu na shifti yake, nani ana muda wa kusoma vibao? Mpaka siku moja jirani, mzee mmoja mzungu anaitwa Walter, alipomkuta Mama asubuhi mapema kwenye lile konde. Na jembe. Anachimba.

"Anachimba nini?"

"Hasemi, Yaya. Mzee Walter alimrudisha nyumbani, ndipo akatueleza kuna nini pale chini. Mama alisikiliza yote, nikamtafsiria neno kwa neno. Unajua alisema nini? Alisema: vizuri."

Nikafikiri, basi, uzee umemfika kichwani. Sikumwambia Etienne. Pande zote za barabara ni mashamba ya viazi vitamu, marefu mpaka macho yanachoka.

Mama alikuwa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anachambua matembele. Aliniona, akaweka beseni chini polepole, akasimama. Hakulia. Alinishika mkono akaupima kwa vidole viwili, akasema, "Wanakulisha nini huko?" Halafu ndipo akalia, kwa sauti, mpaka Jeanine akatoka mbio na mtoto mgongoni. Mtoto, Eliya, naye akaanza. Tukawa kilio kitupu, na furaha tupu.

Tulikula ugali, sombe ya majani ya mihogo aliyoipanda mwenyewe, na dagaa waliotoka Granville wakahojiwa Los Angeles. Mama akaninawisha mikono, akanimiminia maji kwenye kikombe. Ya kisima. Nikasema asante, nikachukua ya galoni.

"Umevuka bahari yote hiyo," akasema, "uje unikatalie maji?"

Nikatoa hoja zangu zote, moja baada ya nyingine, hata ile ya nne. Alinisikiliza, mikono mapajani. Nilipofika kwenye "mimi naogopa" akanitazama kwa huruma nyingi. "Umemaliza?" akasema. "Kula. Sombe inapoa." Kichwa ngumu, haambiliki. Siku tatu nilimzunguka hivyo, nikampigia mpaka magoti, naye ananipikia tu. Zilibaki siku tisa wahame.

Ng'ambo ya barabara

Siku ya nne Mzee Walter alikuja na gari lake la mizigo na ndoo ya matembele. Mrefu, ana kofia iliyopauka, na anasalimia kwa kushika ukingo wake. Nikajua hadithi ya ndoo. Yeye analima viazi, majani anayaacha shambani. Mama alipoyaomba kwa ishara, mzee alidhani ana mbuzi. Wiki nzima alikuwa anauliza mbuzi wako wapi. Mpaka Jeanine akampelekea sahani. Sasa anayala na yeye, na siagi, Mungu amsamehe.

Nikamuuliza moja kwa moja kuhusu bomu. Akavua kofia.

"Nilikuwa mtoto," akasema. "Mbingu iliwaka, mama yangu akanivuta chini ya kitanda. Wanajeshi wengine wa ile ndege walipona, wengine walikufa. Wanasema kile kilichobaki chini hakiwezi kulipuka. Wanakuja kupima maji, wanasema ni mazuri. Mimi nimeyakunywa maisha yangu yote. Jirani yangu wa upande huu alikufa na saratani, wa upande ule ana miaka tisini na anaendesha trekta. Sijui, mama. Anayekwambia anajua, muulize amejuaje."

Nikamuuliza kwa nini hakuhama. Akasema wanaohama huulizwa sababu, wanaobaki hawaulizwi, mimi ndiye wa kwanza. Kisha akaniambia kuhusu asubuhi ile. Alimwona Mama ndani ya duara ambalo serikali ilinunua haki yake, mahali pasiporuhusiwa kujenga wala kuchimba kwenda chini sana. Akasimamisha gari, akapiga kelele. Mama akamwamkia. Akachukua kijiti, akamchorea mavumbini: ndege, moto, kitu kinaanguka, watu wanaanguka. Alitaka Mama aelewe hatari. Lakini Mama aliona mzee anachora watu wake waliokufa vitani, maana kwetu sisi ndege na moto na watu wanaoanguka maana yake ni moja. Akaweka jembe chini. Akaketi mavumbini kama tunavyoketi msibani, akamshika mzee mikono miwili, akalia naye.

"Watu wa magazeti wamekuja hapa kuniuliza kuhusu bomu," Walter akasema. "Hakuna aliyewahi kunipa pole." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Mama alimsindikiza kwa macho mpaka gari likapotea. Halafu akaniambia, "Vaa viatu."

Tukavuka barabara. Kwa macho ni shamba tu, mistari ya viazi, na pembeni kipande chenye nyasi na mti mmoja mdogo. Akanisimamisha kando ya mti, akaonyesha kwa kidole cha mguu.

"Kitovu cha Eliya kiko hapa."

Sifa alipozaliwa Mama aliniambia hayohayo kwa simu: kitovu kikikatika, kizikeni, mtoto apate kwao. Lakini hapa?

"Mama, kwa nini usizike nyuma ya nyumba?"

"Nyumba ya kupanga hiyo. Kesho atakuja mwingine aweke choo." Akakaa chini, nami nikakaa. "Noela, chako nilikizika Baraka, kwenye kiwanja cha baba yako. Walijenga kambi ya askari juu yake. Cha Etienne nilikizika hukohuko, kwa mjomba wenu. Jirani wa kule aliyetupigia simu alisema fasi ile sasa ni choo cha watu. Wanangu wawili, hamna fasi, hamna mahali penu. Nikasema huyu wa tatu, hapana. Nikatazama hapa miaka mitatu. Kila fasi wanajenga, wanabomoa, wanachimba, ila hapa tu hawajengi. Sikujua kwa nini. Nikasema Mungu ameniwekea. Halafu mzee akaja akachora, Etienne akaniambia kuna bomu, hawataruhusu mtu ajenge hapa milele. Nikasema, vizuri. Serikali yenyewe imekuwa mlinzi."

Nililia, nikacheka, sijui kipi kilianza. Mimi na hoja zangu nne!

"Basi kama kinalindwa, twende Raleigh, Mama."

"Nani anajua fasi?" akasema. "Mimi tu. Jeanine ni mtoto wa mjini, Etienne angenifokea. Nikiondoka, siku Eliya akiuliza kwao ni wapi, nani atamwonyesha? Ndiyo maana nilikaa."

"Sasa najua mimi."

Alinifanya nipime hatua kutoka kwenye mti, kisha kutoka barabarani, mara tatu, huku anahesabu. Akaniambia nirudie kwa mdomo. Nikarudia. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Haya," akasema. "Mwambie Etienne atafute makarton ya vyombo."

Hivyo tu. Nimebembeleza siku tatu, kumbe alikuwa anangoja mtu wa kushika mahali. Kwa ruhusa yake nikamweleza na Mzee Walter. Hakucheka hata kidogo. Alileta jiwe jeupe mwenyewe, akaliweka chini ya mti, akasema trekta lake litageukia mbali na pale, na mwanawe atamwambia hivyo hivyo.

Tunarudi nyumbani, nikiwa nimejaa ushindi, Mama akaniuliza, "Na cha Sifa? Ulizika wapi?"

Njia ikawa ndefu ghafla. "Kiko kwenye kopo la majani ya chai. Kabatini, nyuma ya mashuka."

"Miaka saba?"

"Nilikuwa nangoja, Mama."

"Unangoja nini?"

Jioni ile nilikunywa maji ya kisima, kikombe kimoja. Sisemi ilikuwa busara. Mama alikuwa ameshika jagi.

Kurudi Sydney

Tulihama Alhamisi, siku mbili kabla ya ndege yangu. Mama alikaa mbele kwenye lori na vijiti vya muhogo mapajani, akampungia Walter mpaka kona. Kwenye nyumba mpya kuna maji ya bomba. Aliyaonja, akasema hayana ladha, akanywa.

Safari ya kurudi haikuwa na kisa. Los Angeles nilimtafuta yule mama mfagiaji, sikumwona. Afisa wa Sydney akaniuliza nilikuwa wapi, nikasema, "Kwa mama." Nikanyamaza hapo hapo.

Baba Sifa alinisikiliza mezani mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwa upole kwamba mtambo wa nyuklia wa Lucas Heights uko nusu saa kutoka mlangoni kwetu, ule unaotengeneza dawa za hospitali, na kwamba amekuwa akipita karibu yake na lori miaka yote. "Hukuniambia!" nikasema. "Hukuuliza," akasema. Nikamkumbuka Walter.

Jumamosi iliyofuata nikatoa kopo kabatini. Sifa akalinusa, akaona kile kitu kidogo kikavu ndani ya kitambaa, akakunja uso. Nikamweleza ni chake, na nikamweleza bibi yake alifanya nini shambani kule. Nikasema tutafute mahali, lakini sijui wapi, nyumba yenyewe ni ya serikali, yadi yenyewe wanaweza kuichimba wakati wowote.

Akanijibu kwa Kiingereza, kama anamfundisha mtu mzito wa kuelewa, kwamba mahali papo tayari. Akanishika mkono mpaka nyuma, kwenye kona ya uzio, penye mawe yaliyopangwa duara na msalaba wa vijiti vya aiskrimu. Mwaka jana sungura wake alikufa tukiwa kazini, akamzika mwenyewe, na kila wiki anamwagilia maua pale. Sikuwa najua. Mtoto alikuwa ameshajitafutia kwao, mimi bado nangoja.

Tukachimba kwa kijiko cha kupakulia wali. Alifukia yeye, akapigapiga udongo kwa viganja. Kisha tukampigia Mama. Alitokea nusu ya uso, kama kawaida.

"Nimezika, Mama."

"Fasi gani?"

"Pembeni ya uzio, karibu na sungura."

Hakuuliza sungura gani. "Na nani mwingine anajua?"

Nikageuza simu. Sifa alikuwa anapima hatua kutoka kwenye uzio hadi kwenye bomba la maji, anahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili. Moja, mbili, tatu.

Mama akasikiliza mpaka kumi na nne. "Haya," akasema, "sasa mimi nakunywa chai yangu."